Lori la Rimoti la Kaka

Lori lenyewe lilikuwa kichezeo cha plastiki, rangi ya buluu. Nililinunua Kakuma kwenye kibanda cha mama mmoja Msomali, naye aliniangalia kwa mashaka, maana mtu wa umri wangu hachagui kichezeo kwa kukipindua na kuhesabu skrubu za tumboni. Mimi ni fundi wa simu mjini Lodwar. Zamani nilikuwa utingo, yaani taniboi, wa kaka yangu.

Kaka ameendesha malori barabara zote za Turkana, hadi Nadapal mpakani. Sasa anakaa kwenye kiti cha magurudumu nyumbani kwake Kakuma, kiuno kwenda chini hakuna kitu. Mwaka huu mkewe alinipigia simu. "Shemeji, huyu mtu amekataa chakula. Anaangalia ukuta tu." Nikajiambia kwamba akishika usukani tena, hata kama ni wa kidole gumba, atarudi kuwa mtu.

Kichezeo kama kilivyotoka dukani ni takataka. Kinajua kwenda mbio au kusimama, basi, na kikigeuka kinageuka kabisa kama mbuzi aliyeona mbwa. Mchanga wetu ungekizika kwa dakika moja. Nilitaka gari kamili, la aina ile watu wazima wanayoshindana nayo kwenye video, linalopanda mawe polepole na kukutii. Kwa hiyo nililitoa matumbo yote. Niliagiza Nairobi mota yenye gia za chuma, na nyingine ndogo ya kugeuza magurudumu, ambayo ukiigusa kidogo inakata kona kidogo. Betri niliiunda kwa seli za laptop zilizokufa. Ekseli ya nyuma niliifunga kwa risasi ya kuchomea ili magurudumu yote mawili yavute pamoja. Ndani ya tairi nilijaza sponji ya godoro, na chini ya chesisi nikafunga vizito vya nyavu nilivyopewa na mvuvi wa Longech kule ziwani, lisipinduke.

Mwisho nikachukua kile kisanduku kinachopokea amri za rimoti, nikakivisha puto na kulifunga kwa uzi, maji yasiingie. Hapo nikaikumbuka laga. Niliweka koleo chini, nikakaa.

Laga ni mto wa mchanga. Unakaa mkavu miezi na miezi, halafu mvua inanyesha huko milimani Uganda na maji yanakukuta chini ya jua kali. Lori likifika, utingo anashuka na fimbo, anaingia majini na kupima njia mpaka ng'ambo. Akishakanyaga pakavu ndipo anageuka na kuinua mikono yote miwili. Dereva hasogei kabla ya hapo. Sheria hii haijaandikwa popote na kila mtu anaijua.

Siku ile tulikuwa tumebeba unga kwenda Namoruputh. Ilikuwa alasiri, na jua lilimpiga kaka usoni, asione vizuri ng'ambo. Niliingia. Katikati maji yalinifika mapajani, yakaanza kunisukuma, na mimi sijui kuogelea. Nyuma yetu malori mawili yalikuwa yakipiga honi. Niliogopa kuendelea, niliona aibu kurudi. Nikageuka palepale katikati, nikainua mikono.

Kaka alikuja. Shimo lilikuwa hatua chache mbele yangu, na lori likalala ubavu na mzigo wake wote, kaka akavunjika mgongo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa imeshafika mwaka wa nne. Kwa tajiri wa lori, kwa polisi, hospitalini, kaka alisema neno moja tu, "Taniboi wangu alipima. Laga ndiyo ilichimba shimo." Kila aliposema hivyo nilitamani ardhi inimeze, na kila mara nilinyamaza. Lile lori la buluu lilikuwa rushwa. Nilijua hivyo tangu skrubu ya kwanza.

Nililipeleka Kakuma. Kaka aliishika rimoti kwa vidole vigumu, akaijaribu kushoto, kulia. Baada ya muda lori lilikuwa likipanda rundo la kuni na kuwafukuza kuku. Akacheka. Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni akilia. Kaka alikula sahani nzima ya maharage na ugali, nami nikafikiri nimepona.

"Nipelekeni Tarach," akasema.

Tarach ndiyo laga ya pale Kakuma. Tulikisukuma kiti kwa shida mchangani, mimi na shemeji. Maji yalikuwepo, membamba, ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Kaka aliliendesha lori mpaka ukingoni, akalisimamisha.

"Taniboi," akaniita. Hakuwa ameniita hivyo tangu siku ile. "Pima."

Nilidhani ananitania. Nilivua viatu, nikaokota kijiti, nikaingia nikichechemea makusudi ili acheke tena. Nilipofika katikati niligeuka.

"Bado," akasema.

"Kaka, hii ni ya kuosha miguu tu."

"Siku ile ulinifikia haraka sana." Alisema bila hasira, kwa Kiswahili chetu cha barabarani. "Maji ilikuwa bado inaingia kwa kabini na wewe uko kwa mlango. Mtu ako ng'ambo hawezi fika haraka hivo. Mimi nimekaa hapa, nimehesabu hiyo kitu miaka yote. Leo enda mpaka ng'ambo."

Shemeji alinitazama. Nikageuka, nikaenda, maji yakiniishia kwenye vidole, mpaka nikakanyaga pakavu. Nikainua mikono miwili.

Nilingoja alivushe lori. Kaka aliilaza rimoti juu ya mapaja yake, akamwambia mkewe kitu, na mkewe akakigeuza kiti kuelekea nyumbani. Niliwaangalia wakihangaika na ule mchanga, na sikuthubutu kwenda kusukuma.

Walipopotea nyuma ya nyumba nilivuka kurudi. Lori lilikuwa palepale ukingoni, bado limewashwa, magurudumu makavu.