Fundi Randa na Kibaraza cha Mkewe

Mjini walimwita Fundi Randa, kwa kuwa hakuna aliyepiga randa ubao ukalainika kama yeye. Alipanga chumba na sebule katika nyumba yenye wapangaji tele, akitengeneza milango ya watu asiowajua hata sura. Jioni alirudi na vumbi la mbao nyusini, akala, akalala. Siku moja alisikia kwamba jirani wa chumba cha pembeni alishafariki na kuzikwa, naye hana habari.

"Tuondoke hapa," alimwambia mkewe. "Tumebanana kama magunia ghalani na hakuna anayemjua mwenzake."

"Wewe ndiye humjui mtu," mkewe akamjibu. "Mimi marehemu nilikuwa nampelekea uji."

Mkewe alikuwa msusi. Kibaraza chake hakikuisha wanawake, wengine kusuka, wengine kupiga soga tu. Lakini mumewe alikuwa amekwisha kata shauri. Wakafunga virago, wao na binti yao, wakahamia kijijini kwa akina fundi.

Huko Randa alifufuka. Alichelewa kazini kwa salamu tu. Alitengeneza madawati ya shule, akawekwa kwenye kamati ya maji, na hapakuwa na ugomvi ulioamuliwa bila yeye kuitwa. Akanenepa.

Mkewe naye aliweka kigoda nje, akangoja vichwa vya kusuka. Havikuja. Mawifi zake walisukana wenyewe kwa wenyewe, na shambani walimcheka jinsi alivyoshika jembe. Jina lake lilikuwa "mgeni wa Randa". Mwaka wa kwanza alilalamika. Wa pili akanyamaza, na fundi akadhani amezoea.

"Baba, mama siku hizi haongei," binti yao alimwambia.

"Amepumzika na umbea wa mjini," alijibu, akacheka peke yake.

Kisha dada wa mkewe akaugua huko mjini, mke akaenda kumuuguza. Dada akapona, muuguzi asirudi. Kila akipigiwa simu alisema, "Bado kidogo." Mwishowe fundi akapanda basi kwenda kumchukua.

Alimkuta amepanga tena chumba kwenye nyumba ya zamani, yuko kwenye kibaraza kilekile, kitana mdomoni, kichwa cha mtu magotini, anacheka mpaka machozi. Fundi alisimama akitazama. Hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko hicho nyumbani kwake. Mke alipoinua macho na kumwona, kicheko kikakatika palepale. Hakuna neno ambalo lingemuuma zaidi ya hilo.

"Twende nyumbani, mke wangu. Watu wanakuulizia."

"Hawaniulizii mimi. Wanataka kujua mke wa Randa kaenda wapi."

Hakumlazimisha. Akaamua kubaki, binti akiwa kijijini kwa shangazi zake, akapata kazi kwenye karakana ya mtu. Wanawake waliingia na kutoka: "Shikamoo, shemeji," kisha wakampita kama meza. Siku za mapumziko alikaa ukingoni mwa kitanda, redio imewashwa, hasikilizi. Akapungua mpaka suruali zikahitaji mkanda.

Asubuhi moja alimkuta mkewe anakunja mashati yake na kuyapanga begini.

"Unanifukuza?"

"Nenda, baba watoto. Nakuona unavyokauka. Mimi nilikauka hivyohivyo, wewe ukadhani nimetulia."

Fundi alivaa viatu vyake. Alichukua begi akaondoka. Mkewe alimsindikiza hadi kituoni, akambebea mfuko wa patasi, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Kijiji kilimpokea kwa mikono miwili. Dada zake walimletea chakula kwa zamu, na kaka yake akamshauri aoe mwingine. "Nina mke," alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Binti alipomaliza shule ya msingi, alikwenda kwa mama yake kuendelea na masomo.

Katika mkutano wa mwaka, mwenyekiti alisimama akauliza kijiji kingekuwa wapi bila Fundi Randa. Wakampigia makofi hadi akaona haya. Alishukuru, akaaga, akaenda zake. Alifungua kufuli aliyoifunga mwenyewe asubuhi, akala chakula kilichopoa, akaosha sahani moja.

Binti huja likizo. Siku za mwanzo huchangamka, hufagia, humsimulia baba habari za huko. Halafu huanza kuitazama simu yake kila saa, na fundi, bila kuulizwa, huenda kumkatia tiketi ya kurudi.