Chumba cha Watu Kumi na Wawili

Kwa watu wengine uzito ni kilo. Kwa Bawaba, uzito ulikuwa watu.

Alikuwa ametengeneza milango kwa miaka thelathini na minne, milango ya mbao ngumu, ya shule, ya maghala, ya nyumba za watu wanaoogopa wezi, na karakanani kwake hapakuwahi kuwa na mzani. Mlango wa chumbani ulikuwa wa mtu mmoja. Mlango wa mbele, wa watu wawili. Geti la ghala lilikuwa la watu sita, na mteja akilalamika kwamba usafiri ni ghali, aliambiwa, "Mzee, hili ni la watu sita," naye akaelewa na kunyamaza. Jina la Bawaba alibandikwa na mafundi wenzake, kwa sababu hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kusimama kizingitini na kuuchezesha mlango mbele na nyuma, sikio amelitega kama daktari anayesikiliza kifua. Mke wake, mwalimu mstaafu, alikwisha kuacha kuona aibu.

Siku mwalimu huyo alipostaafu, Bawaba alisimama mbele ya walimu wote akaahidi kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Alisema atamjengea mkewe chumba cha kubebwa mgongoni mwa gari, chenye kitanda, jiko na kabati, kisha atamzungusha nchi nzima kuwaona wenzake aliosoma nao chuo cha ualimu. Walikuwa tisa, wametawanyika kila pembe. Watu walipiga makofi. Mwalimu alifuta macho.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Chumba kilikuwa tayari, kimesimama juu ya magogo uani chini ya mabati, kizuri kuliko nyumba za watu wengi: mvule mtupu, viungo vimekaa bila msumari hata mmoja, mlango unafunga kwa mlio mmoja tu, laini, kama mtu anayemeza mate. Wale wenzake mwalimu hawakuwa tisa tena. Walikuwa sita. Kila simu ya msiba ilipoingia, mwalimu alitoka uani, akakitazama kile chumba, akarudi ndani, na Bawaba alitamani angalau amtukane.

Kilichokosekana ni gari.

"Shemeji, wewe ulijenga nyumba kabla ya kununua kiwanja," alisema mdogo wake mwalimu, dereva wa lori la mchanga, mtu ambaye hakuwahi kukutana na jambo zito akaliacha lipite bila kulitania.

"Kiwanja kinatafutwa."

"Miezi mitatu? Wenzako wanatafuta wake kwa muda mfupi zaidi."

Lori asingeweza kununua. Leseni yake haikuruhusu, uchochoro wao ulipitisha lori kwa kukwaruza kuta, na barabara za huko walikokuwa wakiishi wale walimu wazee zilikuwa nyembamba hivyohivyo. Ilihitajika pikapu ya wastani, isiyo ndogo ya kubebea mikate wala kubwa ya kubomoa kuta za majirani. Na pikapu za namna hiyo zilijaa mjini. Tatizo halikuwa uhaba wa pikapu. Tatizo lilikuwa uhaba wa mtu wa kusema kweli.

Kila yadi aliyoingia, wimbo ulikuwa mmoja. Akiuliza gari linabeba kiasi gani, anajibiwa, "Tani moja." Akiuliza ni tani moja pamoja na dereva, mafuta na abiria, au mzigo peke yake, muuzaji anamtazama kama mtu aliyeuliza uzito wa moshi. Kisha linakuja lile neno: itabeba tu. Bawaba aliwahi kulichukia neno hilo, sasa lilimtoa jasho. Ni neno linalosemwa na watu ambao hawatakuwamo ndani ya gari. Wamelisema kwa mabasi, kwa vivuko, kwa maghorofa, na siku kitu kinapokatika wao wako nyumbani wanakula.

Kwa bahati, alikuwa mtu wa milango. Kwenye yadi ya kwanza, wanunuzi wengine wakichungulia injini, yeye alifungua mlango wa dereva kuangalia bawaba zake, na hapo, kwenye nguzo ya mlango, akaona kibati kidogo chenye tarakimu: uzito wa mwisho ambao gari halipaswi kuuzidi likiwa na kila kitu na kila mtu ndani. Ukitoa uzito wa gari tupu, ulioandikwa kwenye kadi yake, unabaki na ukweli. Tangu siku hiyo alianzia hapo. Yadi ya pili, kibati kilikuwa kimeng'olewa. Ya tatu, kimepigwa rangi.

"Kwa nini mmekipaka rangi?"

"Kupendezesha, mzee wangu."

Yadi ya nne alipata dabo kebini ya kijivu, pikapu ya milango minne, kibati kipo, kinasomeka. Mwalimu aliipenda kwa sababu ya kiti cha nyuma. Alitaka kila atakapomtembelea rafiki mmoja, amchukue wamfuate pamoja yule mwingine. Bawaba alipiga hesabu kwenye kipande cha mbao. Akatoa yeye, mkewe, rafiki mmoja, pipa la maji, sanduku la vyombo vya kazi, mtungi wa gesi na matandiko, akabaki na kilo mia sita kamili. Na chumba chake? Kilibebwa na watu kumi na wawili siku walipokipandisha juu ya magogo. Mtu mmoja ni mfuko mmoja wa saruji, kilo hamsini. Mara kumi na mbili, mia sita. Ilikaa kama ulimi wa kiungo cha mbao ndani ya tundu lake. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

"Jumatatu," alisema mwalimu jioni hiyo.

"Jumatatu nini?"

"Jumatatu naondoka. Ukiwa na gari tutakwenda wote. Usipokuwa nalo nitapanda basi na begi langu. Na ukinipungia mkono stendi, usiniambie habari ya viungo visivyo na misumari."

Ijumaa asubuhi, kwa hiyo, walikipakia chumba kwenye lori la shemeji, wale wanaume kumi na wawili wakikinyanyua tena kwa mkupuo mmoja, wakaondoka kwenda yadi kukijaribisha. Njiani kulikuwa na ghala la nafaka lenye mzani wa magari. Ni shemeji aliyekata kona kuingia humo, kwa utani tu, ili kumkata shemejiye kilimilimi. Uzito wa lori likiwa tupu aliujua kama umri wake, maana lilipimwa kila siku machimboni.

Karani wa mzani alitoa kichwa dirishani. "Ukitoa lori na ninyi watatu, una mia tisa na themanini."

"Haiwezekani," alisema Bawaba. "Ni cha watu kumi na wawili."

"Watu gani hao?"

Shemeji akaegemea usukani, akaanza kucheka kwa namna ya mtu anayejaribu kutocheka, mabega yakitikisika. "Karani, hao watu wanapandisha mageti ghorofa ya tatu bila kutua. Mmoja wao alimbeba fahali aliyeanguka mtaroni. Shemeji amewahesabu kama mifuko ya saruji."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa katikati yao, mkoba mapajani, anatazama mbele.

"Twende," alisema Bawaba.

"Wapi?"

"Yadi. Twende tukaone."

Alijua kwamba hakuna cha kuona. Lakini mtu akishaonja aibu ya namna ile hutaka kitu kingine kibebe lawama, na gari lilikuwa karibu.

Muuzaji wa yadi, mwanamume mwenye funguo nyingi kidoleni, aliwapokea kwa bashasha zote. Alikuwa na boriti ya chuma juu ya nguzo mbili na winchi ya mnyororo ya kuinulia injini. Wakakining'iniza chumba, lori likatoka chini yake, dabo kebini ikaingia kinyumenyume. Bodi yake ilikuwa fupi kuliko chumba kwa nusu mita. Hilo Bawaba alilijua, na alikuwa amepanga kuacha mlango wa bodi wazi. Muuzaji alilegeza mnyororo taratibu.

Gari lilikaa. Halikuinama kidogo na kusimama, lilikaa, kama mama mzito anayeketi kwenye kigoda, mpaka tairi za nyuma zikajificha ndani ya madigadi yake na taa za mbele zikatazama mawingu. Bawaba aliingia, akashika usukani, akauzungusha kwa kidole kimoja. Ulizunguka kama wa kuchezea watoto. Tairi za mbele zilikuwa zinaigusa ardhi kwa adabu tu.

"Umeona," alisema muuzaji. "Imebeba."

"Imebeba nini? Inatazama mbinguni."

"Mzee wangu, hiyo ni springi. Tunaongeza majani mawili ya chuma kila upande, saa mbili tu kazi, inanyooka. Wote wanafanya hivyo."

"Kweli, shemeji," alisema dereva wa lori, safari hii bila utani, kwa sauti ya chini. "Dada anaondoka Jumatatu. Ongeza majani, mwende polepole. Mimi nimebeba mara mbili ya mzigo wangu miaka yote hii na niko hapa nazungumza nawe."

Bawaba alimtazama mkewe. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka tu. Angekubali. Akimwambia sasa hivi kwamba majani mawili yatatosha, angeamini, angepanda, angeimba njiani.

Na hapo ndipo hasira ilipomgeukia yeye mwenyewe, kwa sababu maneno yale aliyajua. Miaka thelathini na minne wateja walimjia wakitaka mlango wa watu wanne ufungwe kwenye fremu ya mbao laini, wakimwambia aongeze bawaba, aongeze skrubu, itashika tu, na yeye akawafukuza. Aliwaambia bawaba haiongezi nguvu ya fremu. Inakwenda nayo chini. Alipoteza kazi nyingi kwa mdomo huo na akajisifu kwa kila moja. Majani ya springi yangeinua mgongo wa gari. Ekseli ingebaki ileile, breki zilezile, na kibati mlangoni kingeendelea kusema kilekile kwa mtu yeyote mwenye macho.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?" aliuliza muuzaji.

"Kiondoe. Ile nyeupe kule nyuma ya matairi ni gari gani?"

Ile nyeupe ilikuwa ya kebini moja, kuukuu, kiti kirefu kimoja cha kubanana watatu, bodi ndefu ya kutosha chumba kizima kukaa bila kuning'inia. Muuzaji hakuwa ameitaja kwa sababu haikuwa ya heshima. Mkulima mmoja aliiacha hapo alipobadilisha gari. Bawaba alifungua mlango, akauchezesha mbele na nyuma, ukalia vibaya, akapiga magoti kusoma. Kibati kipo. Akaomba kadi. Gari tupu lilikuwa jepesi kuliko ile ya kijivu, kwa hiyo mzigo wake mkubwa zaidi. Alipokwisha kutoa watu, maji na vitu vyote, zilibaki kilo mia saba.

"Bado umezidisha karibu mia tatu," alisema mwalimu. Alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa amefundisha hesabu.

"Najua."

"Na rafiki zangu watakaa wapi?"

"Hapo katikati. Mtabanana."

"Na hizo mia tatu?"

Bawaba alilitazama paa la mvule, kisha akatoa pochi. Alilipia gari, akatia sahihi, na shemeji akakirudisha chumba nyumbani kwa lori.

Jumamosi alianza na paa. Aliling'oa ubao kwa ubao, akitukana kila kiungo kilichogoma kuachia, na viungo vyote viligoma, kwa sababu fundi alikuwa yeye. Jirani alichungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna moto. Mahali pa mvule aliweka turubai. Kuta mbili za ubavuni zilitoka mchana, nafasi yake ikachukuliwa na plaiwudi nyembamba, aina ambayo alikuwa ameikataza isiingie karakanani kwake. Plaiwudi haishiki kiungo. Alilazimika kutumia skrubu, akazipiga nyingine zikakaa upande, na hakukuwa na muda wa kuzirudia. Kabati lilitoka. Mlango ulitoka wa mwisho, na alipoubeba peke yake hadi karakanani ulimshinda, akauburuza.

Jumapili mwalimu alimshikia plaiwudi huku yeye akikata.

"Unashika vibaya," Bawaba alimwambia.

"Ningekuwa nimeshika hivi miaka mitatu iliyopita, sasa hivi tungekuwa tumerudi."

Alikata bila kuinua macho. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mkewe hakusubiri jibu. Alikuwa anapima ubao unaofuata.

Jumatatu asubuhi karani wa mzani aliwatazama wakipanda, gari, chumba, maji na wao wenyewe, akasoma tarakimu na kuinua dole gumba. Kilo themanini chini ya kibati: rafiki mmoja, na kumi za akiba. Bawaba alishuka hata hivyo, akazunguka nyuma, akasimama akitazama ubavu wa plaiwudi, turubai lililokunjamana, skrubu zilizotoa vichwa kama chunusi. Palipokuwa na mlango palining'inia pazia la jikoni.

Alirudi akapanda. "Mtu yeyote huko tuendako akiuliza nani ametengeneza hiki kitu, sema tulikinunua hivi."

"Nitasema ni wewe."

"Mwalimu, nakuomba."

"Kuna watu wanaonisubiri," alisema mkewe, akaupandisha mkoba mapajani. "Washa gari."