Anafunga milango ya ndege, mmoja haukumbuki

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Komeo anapanda juu ya bawa la ndege ndogo, akikanyaga kile kipande cheusi chenye ukakasi ambacho ndicho pekee kinachoruhusiwa kukanyagwa. Amevaa koti la mvua lililomzidi mabega. Ndani, rubani na abiria wanne wamebanana magoti.

Kabla ya kufunga anainamisha kichwa mlangoni na kutoa hotuba yake.

“Mlango huu ukifunguka mkiwa angani, uacheni. Utaachia kiasi cha kiganja tu, upepo wenyewe unauzuia. Mtasikia kelele na baridi. Msipige mayowe, msimshike rubani. Atazunguka, atatua, nami nitakuja kuufunga.”

Abiria aliyekaa karibu na rubani, mwanamume wa makamo mwenye tai, anautazama mlango kana kwamba umemtukana. Mama Komeo hajali. Anausukuma, anageuza komeo la chini, kisha anajinyoosha kulifikia la juu, lile dogo lililo karibu na paa. “La chini,” anasema kwa sauti. “La juu.” Halafu anauvuta mlango kwa nguvu zote, kama mtu anayetaka kuung’oa, ndipo anaposhuka.

Hotuba ile haimo katika kazi aliyoajiriwa. Uwanja wenyewe ni njia moja ya changarawe, chumba kimoja cha abiria na mizani ya mizigo, na kazi yake ni kupima, kupakia na kufunga. Meneja amekwisha kumwonya kwamba anawatisha wateja. Mama Komeo anasema alimjibu kwa adabu zote, na kesho yake akaitoa tena, ila kwa sauti ya chini.

Mshahara wake haujapanda tangu alipoanza, na ukishalipa kodi ya vyumba viwili, kinachobaki hakina muda wa kukaa mkononi. Lakini si mshahara unaomfanya mwanamke huyu wa miaka hamsini na miwili awe mkimya hivi. Wenzake wanasema zamani alikuwa mcheshi, na kicheko chake kilisikika hadi chumba cha abiria.

Kazi hii alitafutiwa na mdogo wake, aliyekuwa rubani hapa hapa. Ndiye aliyempachika jina la Mama Komeo, na ndiye aliyemfundisha kwamba mlango wa ndege ndogo ukifunguka hewani si mwisho wa dunia. Ndege haibebwi na mlango, alikuwa akisema. Wewe ishughulikie ndege, mlango utakungoja chini.

Yeye mwenyewe hakuwa na hofu na upepo. Siku za joto alifungua kile kidirisha cha ubavuni kwake, na akipita juu ya nyumba yake alitoa mkono akampungia mkewe aliyekuwa akianika nguo uani. Mke alikuwa akilalamika kwa wifi yake kwamba ameolewa na mtu anayepunga mkono kama mgombea ubunge. Hata hivyo nguo alizianika kila asubuhi, hata zikiwa kavu.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa mvua, wingu zito lilikuwa linakuja nyuma ya uwanja na kila mtu alikuwa na haraka. Mama Komeo alikuwa juu ya bawa, mdogo wake akimchekesha kuhusu mapazia mapya ambayo mkewe alikuwa ameyabadilisha dukani mara mbili. Akafunga mlango huku akicheka. Akashuka.

Ndege ilikuwa imeinuka, haijauacha uzio mbali, alipoona mlango umeachia.

“Sikuogopa,” anasema. “Nilisema moyoni, hakuna neno, atazunguka. Nikaanza kutembea kwenda pale anaposimamisha, nimpokee.”

Hakuzunguka. Ndege ililala upande, ikashuka katika shamba lililo nje ya uzio.

Aliyeketi karibu na rubani alikuwa mama mwenye mtoto mchanga mapajani. Mtoto hakupata hata mchubuko; mama alivunjika nyonga, na akiwa kitandani hospitalini ndiye aliyeeleza. Alisema alipiga mayowe akidhani mtoto atanyakuliwa na upepo, na rubani akanyoosha mkono kumpita ili aufunge mlango. Ndege ilikuwa chini mno na polepole mno kwa rubani kugeuza macho. Abiria wote walipona. Rubani hakupona.

“Alijua kuliko sisi sote kwamba mlango unaachwa,” anasema Mama Komeo. “Lakini mdogo wangu hakuwa mtu wa kusikia mama analia akakaa. Ndiyo maana nawaambia abiria. Wakijua, hawatalia, na rubani hatanyoosha mkono.”

Wachunguzi walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Komeo la juu lilikutwa limepinda, na hawakuweza kusema kama lilipinda na kuachia likiwa limefungwa au halikufungwa tangu mwanzo.

Kwenye matanga, siku ya tatu, mjane alimuuliza wifi yake mbele ya ndugu wote, bila ukali, kama mtu anayeulizia maji ya kunywa.

“Wifi, lile komeo la juu ulilifunga?”

“Sijui, wifi. Sikumbuki.”

Hayo ndiyo yaliyomgharimu. Anaposimulia, anamgeukia mwandishi wa habari hii na kumuuliza kama anakumbuka kufunga mlango wa nyumba yake asubuhi hii. Si kwamba anajua huwa anafunga, bali anakumbuka mkono wake ukifunga leo. Mwandishi anafikiri; anajua tu kwamba huwa anafunga. Mama Komeo anatikisa kichwa pasipo furaha ya kushinda. Mazoea yana taabu, anasema: mkono unafanya kazi, akili iko kwenye mapazia.

Dada yao mkubwa alimkalisha chini jioni ile ile akamwuliza kwa nini hakusema tu amefunga. Nani angempinga? Wachunguzi wenyewe wameshindwa. Neno moja lingemtuliza mjane na nyumba nzima ikalala. Wenye busara nao wakamletea zao, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba si kila la moyoni hutolewa nje. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ndivyo isemwavyo. Haikusemwa kama mawifi nao watampenda.

“Nilitamani kusema nimefunga,” anakiri. “Lilifika hapa, kooni. Lakini kama sikufunga, je? Nimdanganye juu ya mume wake, na udongo bado mbichi?”

Tangu siku hiyo mjane hakumsemesha. Wanaishi mitaa miwili tu mbali. Wakikutana sokoni, mmoja anakumbuka ghafla kwamba vitunguu viko upande wa pili. Watoto wa marehemu, ambao zamani walikuwa wakipakua wenyewe jikoni kwa shangazi yao, hawakuonekana tena. Mama Komeo anasema kazini ndiko alikoumizwa zaidi, na huruma. Wenzake waliacha kumwita kwa jina lake, wakawa wanamwita “mama” tu, taratibu, kama mgonjwa. Ikabidi awagombeze warudishe.

Ndege ya tatu leo inaondoka saa nne. Mama Komeo amejua tangu jana nani atapanda: binti mkubwa wa mdogo wake anakwenda kuanza chuo, mvua imekata barabara, na chuo hakingoji barabara. Mama yake, ambaye angempeleka kwa basi hata kama ni mwendo wa siku mbili, ameshindwa.

Mjane amekuja. Amesimama nje ya uzio, khanga begani, mikono ameifumbata. Hajawahi kufika hapa tangu msiba.

Binti anapanda, anaketi kiti cha mbele, karibu na rubani. Mpakiaji mwenzake Mama Komeo, mzee mwenye mgongo mpana, anamsogelea na kumnong’oneza amwachie hii yeye. Mama Komeo anakubali upesi. Anasogea kando, anaanza kuvua glavu.

“Wifi.”

Sauti inatoka kwenye uzio. Mzee anasimama, mguu mmoja juu ya bawa.

“Si wewe ndiye unayefunga?”

“Ndiyo mimi.”

“Basi funga.”

Mama Komeo anapanda. Anainama mlangoni aanze hotuba yake, lakini binti anamwekea mkono juu ya mkono.

“Najua, shangazi. Tunauacha. Baba alitufundisha.”

Anafunga. La chini. La juu. Anauvuta mara moja, anauvuta tena, hadi rubani anatabasamu kwa ndani. Ndege inakwenda mwisho wa njia, inageuka, inakuja ikinguruma, inainuka. Inakuwa ndogo, kisha haionekani.

Ndipo Mama Komeo anapotembea hadi kwenye uzio. Wanasimama, waya katikati yao.

“La juu umelifunga?” anauliza mjane.

“Nimelifunga.”

“Na siku ile?”

Angeweza kulisema sasa. Hakuna shahidi wa kumpinga, na uso ulio mbele yake umechoka kungoja. Mama Komeo anashika waya.

“Siku ile sijui, wifi. Mpaka leo sijui.”

Mjane anafuta macho kwa ncha ya khanga. Hasemi amesamehe, wala wifi yake haombi. Anatazama kule ndege ilikopotelea; mzee mpakiaji anaona haya, anakwenda kujishughulisha na mizani isiyo na mzigo.

“Mtoto atarudi likizo mwezi wa kumi na mbili,” anasema mjane. “Atapanda kule, wewe hutakuwepo kumfungia. Lakini akienda tena, mwisho wa mwezi, uwe zamuni.”

Anageuka, anashika njia ya nyumbani.

Mwezi wa kumi na mbili ndio likizo ya Mama Komeo. Alikuwa ameiomba tangu mwanzo wa mwaka, akamwone binti yake aliyeolewa mbali na mjukuu ambaye hajawahi kumbeba. Nguo za mtoto amekwisha nunua. Sasa anasema leo hii atamwona meneja, kabla hajaondoka ofisini, amwombe aisogeze.

“Mjukuu ataningoja,” anasema, akivaa glavu zake. “Wifi yangu amenisemesha.”