Mzee Gichana na Kopo la Kutemea

Kwa miaka ishirini na miwili kazi ya Gichana ilikuwa kubeba mate ya Mzungu. Msicheke bado. Katika kiwanda alichofanya kazi, nje ya Kericho, kulikuwa na Mzungu asiyejua kazi nyingine ila kuonja chai. Vikombe vinapangwa mezani, anavuta kijiko kwa kelele kama ng'ombe mtoni, anazungusha chai mdomoni, halafu anatema. Angemeza yote, angehitaji choo cha peke yake. Kwa hiyo ilibidi mtu asimame kando yake na kopo, alishike usawa wa kidevu, na atazame dirishani, maana Mzungu yule hakupenda kuangaliwa akitema.

Mzungu akienda kula, Gichana alifunga mlango akaonja yaliyobaki. Anavuta, anazungusha, anatema. Pole pole ulimi wake ukasoma shule ambayo mwenyewe hakusoma. Akaijua chai iliyonyeshewa, iliyoungua, na ile iliyochumwa na mtu mvivu. Cheti hakupewa. Mwaka wa sabini na mbili alipewa blanketi na mkono wa kwaheri.

Alirudi kwao Kisii akakuta ndugu yake amepanda ndizi pale nyumba yake iliposimama, na ndizi zenyewe zimeshazaa. Utagombana na ndizi? Alikunja blanketi lake akarudi kwenye majani chai. Kanisa lilikuwa na nyumba ya wazee kando ya barabara ya Kaplong: vyumba vinne, vitanda vinane, na juu ya kila kitanda mtu asiye na pa kwenda. Akapewa kitanda cha nane.

Metroni wa nyumba hiyo aliitwa Bilhah, mjane kutoka upande wa Nyeri, mwenye roho nzuri na sheria nyingi. Siku ya kwanza alimletea Gichana chai. Gichana akaivuta kwa kelele mpaka wazee wakageuka, akazungusha, akatema nje ya dirisha. Kuku wa jirani akakimbia.

"Mzee, hapa hatutemi chakula," Bilhah alisema.

"Sijatema chakula, Mama. Nimetema chai. Haya majani yalilala na vitunguu."

Na kweli yalilala na vitunguu. Ukweli huo ndio uliomuudhi Bilhah zaidi.

Jamani, mdomo uliofundishwa kutema miaka ishirini na miwili hauambiwi ukasikia. Mara ya pili alitema kwenye kiatu cha mke wa mchungaji. Hapo mwenyekiti wa kamati ya nyumba, Naftaly Nganga, mwenye duka mjini, akaandika karatasi, akatia sahihi, akaibandika ukutani juu ya meza: ATAKAYETEMA MEZANI ATAFUTE KWINGINE PA KULALA.

Haukupita muda mrefu, Nganga akatuma habari kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe na zawadi ya wazee, majani chai kutoka dukani kwake.

Bilhah akaketi karibu na Gichana. "Baba, Jumamosi umeze. Hata kama ni matope, meza tu. Kitanda chako kinangojewa na watu sita, na mwenyekiti akisema utoke, mimi sina nguvu."

"Nitameza."

"Huyu ameze?" alisema Gesare, bibi wa humo aliyetoka Kisii pia, ambaye magoti yake yalikwisha kwa kuchuma chai lakini mdomo ulibaki mzima. "Omogaka huyu, mzee wetu, hana mlango mdomoni. Ana dirisha."

Jumamosi ikafika. Kitambaa cheupe mezani, chai vikombeni, na Nganga akaomba ombi refu mpaka chai ikaanza kupoa. Alipofika amina, Gichana akawatangulia wenzake, akavuta kidogo.

Akasimamisha ulimi. Akamtazama Bilhah, naye Bilhah alikuwa anamtazama huku amekaza shingo, kama anayemsaidia kumeza. Akamtazama Gesare, kikombe kinakaribia midomo.

Akatema kwenye kitambaa cheupe.

"Msinywe," alisema. "Chai hii imepita kwenye josho la ng'ombe."

Vikombe vyote vikarudi mezani.

"Unasema nini, mzee?" Nganga aliuliza.

"Dawa ya kupe, Bwana. Dukani umeiweka rafu moja na chai. Majani chai hayachagui jirani, yanakunywa kila harufu."

"Mimi nimeuza chai tangu kabla ya uhuru. Metroni, huyu afunge blanketi lake leo hii. Na chai hii nitainywa mimi, mbele yenu."

"Kunywa, Bwana Mwenyekiti," Gesare akasema. "Sisi tutangoja tuone. Wazee hatuna haraka."

Nganga akapiga funda kubwa, la mtu mwenye hasira. Mashavu yakajaa. Halafu yakabaki hivyo hivyo, yamejaa. Macho yakaanza kutoa machozi. Kumeza, koo limekataa. Kutema, karatasi iko hapo juu ya kichwa chake, na sahihi yake chini.

Gichana akainuka. Akachukua kopo tupu la mafuta ya kupikia, akatembea mpaka alipoketi mwenyekiti, akalishika usawa wa kidevu, akageuza uso dirishani.

"Tema, Bwana. Hakuna anayekuangalia."

Ulikuwa uongo mtupu, kwa maana macho yote ya nyumba yalikuwa pale. Lakini Nganga alitema. Gichana hakuondoa kopo mpaka alipotema mara ya tatu, kwani alijua huwa kuna mabaki. Akampa kitambaa chake ajifute, akatoka nje kusuuza kopo.

Aliporudi, ukuta ulikuwa mtupu. Nganga alikuwa ameibandua ile karatasi, ameikunja mfukoni, na ameshapanda gari na majani yake.

"Leo umeshika kopo bila mshahara, omogaka," Gesare alimwambia.

"Hata zamani haukuwa mshahara," Gichana akasema, akalisukuma kopo chini ya kiti chake.

Tangu siku hiyo, majani mapya yakiletwa, Bilhah alimpikia Gichana kikombe cha kwanza kabla ya mtu yeyote. Kisha Bilhah mwenyewe akasimama kando yake na lile kopo, usawa wa kidevu, akatazama dirishani.