Makunyanzi ya Ma Kokushubila

"Wazee wanaochorwa na Byabato hawafikishi msimu wa kahawa," Annastella alimwambia jirani yake Judica bombani. "Mzee Kagaruki si umeona? Picha ilitangulia, jeneza likafuata. Sasa Ma Kokushubila naye anachorwa!"

Pale Kanazi picha ya mzee kila mtu anajua itakakobebwa: mbele ya jeneza, siku ya maziko. Ndiyo maana watoto huwachoresha wazazi kimyakimya, kwa picha ya kitambulisho. Lakini Ma Kokushubila alikaa achorwe mwenyewe, mchana kweupe. Judica akashindwa kuvumilia. Akambeba mwanawe mgongoni, akakatiza kibanja cha migomba hadi uani kwa bibi.

Alimkuta amekaa chini, ukindu mapajani, anasuka kama vile hakuna mgeni. Macho yake yalishaingia ukungu. Vidole ndivyo vilivyoona. Kwa mikeka hiyo, mjane huyu alisomesha watoto wake wote.

"Ma, huogopi?" Judica aliuliza baada ya salamu.

"Kufa? Kwani asiyechorwa haendi, waitu?"

Byabato akacheka, brashi mkononi. Bibi hakucheka.

"Naogopa kufanywa mtu mwingine. Mume wangu, Baba Johnson, walimlainisha mashavu pichani, wakamvika tai. Tai! Hata siku ya harusi hakuvaa. Wajukuu wa Dar wakaja msibani wakauliza, 'Huyu mchungaji ni nani?' Babu yao huyo! Walimzika hawamjui."

Judica akazunguka nyuma ya Byabato, achungulie. Kwenye picha alikaa mama wa makamo, mashavu kama ya bibi harusi, hereni masikioni.

"Kaka," akanong'ona, "huyu umemtoa wapi?"

"Johnson kapiga simu," Byabato akajibu chinichini. "Anataka mama yake apendeze. Wageni watatoka mbali."

Vidole vya bibi vilikuwa vimesimama.

"Macho ndiyo yamechoka, masikio bado. Futa."

"Lakini Ma, Johnson amesema..."

"Johnson ni wangu, na uso ni wangu. Haya makunyanzi sikuyaokota njiani. Futa!"

Byabato akahema, akachukua kitambaa, akaanza na hereni.

"Judica mwanangu," bibi akasema, akimsogezea mkeka, "mlaze mtoto hapa, wewe ukae hukohuko nyuma ya Byabato. Mimi hiyo picha siioni. Akinipunguzia kunyanzi hata moja, niambie."