Kitabu cha Shuleni

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu Naftali alifundisha uraia katika shule ya msingi iliyo juu ya Tengeru, kule migombani, na hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake bila kuikariri ibara ya kumi na tatu ya Katiba. "Watu wote ni sawa mbele ya sheria." Ukikosea, unarudia umesimama. Ukikosea tena, kesho yake unarudia mstarini, shule nzima inakutazama. Nakala yake ya Katiba aliifunika kwa karatasi ya kalenda ya usharika, na ole wake atakayeishika kwa mikono yenye unga.

Wa kwanza kuisema yote bila kukwama alikuwa mdogo wake mwenyewe, Violet. Mwalimu alijifanya hakusikia, watu wasije wakasema anapendelea ndugu.

Violet akakua, akaolewa, ndoa ikamshinda. Alirudi nyumbani na cherehani na begi moja. Baba yao alikuwa ameshafariki. Akaomba kipande kidogo cha kihamba, shamba la migomba la baba yao, kile cha chini kwenye mfereji, ajenge chumba na kupanda mboga. Ukoo ukakaa kikao. Kwa Wameru wa pale binti anategemewa kupata kwa mumewe, na mji wa baba hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, yaani Elieza. Naftali, kwa kuwa ana mwandiko mzuri, alipewa kazi ya kuandika muhtasari.

Wazee walipomaliza kusema, Violet akamgeukia.

"Kaka, wasomee kile kitabu chako. Wasomee ile ya kumi na tatu."

Kitabu kilikuwa kabatini, hatua kumi kutoka alipokaa. Naftali aliinamia karatasi yake.

"Violet, hicho ni kitabu cha shuleni."

Watu wakacheka. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini huyu hata wembe aliuficha. Akaandika "Binti hana sehemu", akapiga mstari kwa rula, akaweka sahihi.

Violet alipanga chumba Moshono, kule mjini, akashona sare za watoto kwa miaka tisa. Alipokutana na kaka yake sokoni Tengeru alimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo kaka," kisha akaendelea kuchagua nyanya. Shikamoo ile ilimuuma Naftali kuliko tusi. Kila mara alijiambia atakwenda wakazungumze. Baada ya mavuno. Baada ya Pasaka. Akishastaafu. Akastaafu, na hakwenda.

Kisha simu ikaja kwamba Violet amelazwa, ni saratani, na imeshaenea. Naftali alilia jikoni mbele ya mke wake bila kuona aibu. Akaenda kwa Elieza, wakavutana siku mbili, mpaka Elieza akakubali Violet azikwe nyumbani, pembeni ya mama yao. Ndipo Naftali akakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga fundo, akampelekea hospitalini. Anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Hilo halikuandikwa kwenye kitabu chochote, na hakuna mtu mlimani asiyelitii.

Violet alilipokea kwa mikono miwili, imebaki mifupa.

"Nimekusamehe, kaka."

"Na nyumbani wamekubali. Utalala karibu na mama."

Violet alililaza jani kifuani.

"Isale halikataliwi. Kaburi nalikataa. Mimi niliomba shamba nikiwa hai. Nizikeni huku huku mjini."

Alifariki Ijumaa. Walimzika makaburi ya mjini, na waliojaa walikuwa kina mama wa Moshono ambao aliwashonea watoto wao. Naftali ndiye aliyepewa kusoma wasifu wa marehemu, maana ukoo mzima hauna sauti kama yake. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, ndoa. Alipofika kwenye "akahamia Moshono kwa shughuli za ushonaji", aliishusha karatasi. Sentensi hiyo aliiandika yeye mwenyewe jana yake.

"Hakuhamia," alisema. "Tulimfukuza. Aliomba kipande cha shamba la baba yake, tukamnyima, na aliyeandika ni mimi."

Wazee wa ukoo wakatazama viatu vyao. Kutoka mfukoni mwa koti Naftali alitoa kile kitabu chenye karatasi ya kalenda, lakini machozi hayakumruhusu kuona herufi. Akajaribu kuisema ibara kutoka kichwani. "Watu wote ni sawa mbele ya sheria, na wanayo..." Akakwama. Akaanza upya, amesimama, watu wote wanamtazama. Akakwama tena palepale.

Elieza akamshika kiwiko, akamnong'oneza kwa upole kabisa.

"Kaka, tuzike. Hayo ni ya shuleni."