Sufuria ya Nyuzi

Kaka yangu anaitwa Kibao, na usidhani ni kwa ajili ya nyimbo. Siku moja mwimbaji mwenye majivuno aliweka glasi ya bia juu ya gitaa la besi la Kaka lililokuwa limelazwa mezani, na kabla povu halijatulia mwimbaji alikuwa sakafuni anatafuta jino. Kaka aliiondoa glasi, akafuta lile duara la maji kwa upindo wa shati lake, ndipo akamuuliza yule bwana kama anataka kusaidiwa kusimama. Mimi nilikuwepo. Nilicheka, Mungu anisamehe, maana jino lenyewe lilikuwa la bandia.

Mimi nauza nyama. Bucha ni langu mwenyewe, na mwanaume anayekuja kuniletea ubabe pale kaunta harudii. Nasema haya ili ujue kwamba damu hainitishi, na kwamba mfupa ukivunjika naujua mlio wake. Lakini yaliyotokea sebuleni kwa Kaka Jumamosi ile yalinitisha, na hadi leo nikiyakumbuka kisu kinanitoka mkononi.

Sebule yake ni karakana kuliko sebule. Makochi yamesukumwa ukutani, katikati pana meza ndefu yenye blanketi, na juu ya meza hakukosi gitaa la besi limefunguliwa mgongo. Anayo manne yake mwenyewe, yote makuukuu, yametengenezwa kabla mimi sijazaliwa, na wapiga besi wa mji mzima humletea ya kwao. Gitaa la besi likizeeka lina maradhi kama mtu. Shingo hupinda majira ya unyevu, kwa kuwa nyuzi zake ni nene na zinavuta mchana na usiku. Ndani ya shingo umepita ufito wa chuma, na kwenye ncha yake kuna nati. Kaka huikaza nati ile kidogo tu, kisha huliacha gitaa lipumzike mpaka kesho yake, maana ukilazimisha, chuma kinakatika humo humo na hakuna wa kukitoa. Kitufe cha sauti kikikwaruza anapuliza vumbi. Waya ukiachia anaugusa kwa risasi ya kulehemia, ameshikilia pumzi. Mikono ile ile iliyong'oa jino la watu.

Matatu kati ya yale manne aliyanunua mwenyewe. La nne lilikuwa la baba.

Lilikuwa na rangi ya chai ya rangi, zito mno, na pale baba alipokuwa akiegemeza mkono rangi ilikuwa imelika mpaka mti ukaonekana. Wageni walikuwa wakilisifia hapo hapo palipolika. Mimi nilikuwa nikipaangalia natamani kutema mate. Baba yetu alikuwa mpiga besi hodari, hilo hakuna anayemnyang'anya, na alikuwa mnyama. Alipobadilisha nyuzi, zile kuukuu hakuzitupa. Alizitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na akikasirika alikuwa akiuchukua ule mnene kuliko wote. Uzi wa besi ni chuma kilichozungushiwa chuma kingine. Ukitua mgongoni unaacha alama yenye mistari midogo midogo, kama ya skrubu. Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, ndiye aliyekuwa akikojoa kitandani, basi mgongo wake ndio uliosoma zaidi.

Kaka akiwa kijana mdogo tu, aliuchukua ule mzigo wote wa nyuzi msumarini akautumbukiza chooni. Baba alimpiga ngumi mpaka akazimia, akasema, "Hamna neno. Zikizeeka hizi zilizomo kwenye gitaa, mtanitambua."

Kuanzia siku hiyo nyuzi za baba hazikuzeeka. Baba akienda kibaruani, Kaka alikuwa akizifungua, mimi nabandika sufuria, tunazichemsha kwa maji na sabuni kidogo mpaka uchafu wa vidole unaelea juu, tunazikausha kwa kanga ya mama, anazirudisha na kuzipima sauti moja moja. Nyuzi zikitoka kwenye maji ya moto hulia kama mpya. Kama mvua ilikuwa inanyesha na moto haushiki, mimi nilikuwa nalia nikipuliza. Baba alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba mkono wake una baraka, nyuzi zake hazifi. Aliendelea kutupiga kwa mkanda, lakini mkanda ni mkanda. Huko ndiko Kaka alikoanzia ufundi.

Kitinda hakuwahi kujua. Alikuwa mdogo mno, na baadaye Kaka alinikataza kumwambia. Alisema haifai mtu kujua alikuwa akisubiriwa na nini. Kwa hiyo Kitinda, aliyekuja kuwa mpiga gitaa la solo wa kutajika, alikua na picha moja kichwani: Kaka ameliinamia gitaa la baba, analifuta. Kwake Kaka alikuwa mtumishi wa baba, tena wa kujipendekeza. Baba alipokufa na Kaka akalichukua gitaa, akaendelea kuchemsha nyuzi zile zile na kuzirudisha, Kitinda aliacha kumsalimia. Nami nilimuuliza Kaka kwa nini hasa analitunza, baba si keshazikwa? Akanijibu kwamba anaogopa kuacha. Jibu hilo lilinikera, kwa kuwa nilimwelewa.

Sasa ukumbi wa muziki ambako baba alipigia miaka yote ukataka kumuenzi. Watamweka ukutani, picha yake kubwa, na chini yake gitaa ndani ya kioo. Kaka alikubali upesi. Alidhani ataondokewa nalo, lifungiwe kwenye kioo ambacho hakuna mkono utakaoingia. Kitinda alipopata habari aliapa gitaa lile halitatundikwa, litavunjwa, na atakayesimama katikati atavunjika nalo. Aliapa mbele ya watu, na namjua, ana kichwa kigumu kama sisi wote. Basi ndipo tulipofika: ama lile gitaa liishe, ama ndugu zangu wamalizane.

Alikuja mchana kweupe. Nilikuwa nimemletea Kaka maini, bado mfuko uko mkononi. Gitaa lilikuwa juu ya blanketi, limeng'arishwa, nyuzi zimekazwa sawasawa. Kitinda aliusukuma mlango kwa mguu.

"Unampaka mafuta yule mshenzi," alisema.

"Karibu, mdogo wangu," Kaka akasema. "Keti kwanza."

"Sikuja kuketi. Watu watasimama pale wampigie makofi, na mimi nikivua shati langu wanipigie nini?"

"Linaondoka, Kitinda. Si ndilo ulilotaka, liondoke?"

"Nataka life!"

Akaiendea meza. Kaka alimzaba kibao kimoja, kile chenyewe kilichompa jina, na Kitinda akaenda mpaka kwenye kochi. Aliinuka na stuli. Aliishusha ubavuni mwa Kaka, na nikasikia ule mlio ninaoujua. Niliacha maini yaanguke, nikamkaba Kitinda shingo kwa nyuma. Akanitupa kwenye rafu, makopo ya vanishi yakanimwagikia, kichwa changu kikapasuka hapa juu ya sikio. Alishusha stuli tena, na tena. Na huyu Kibao, anayeogopwa kila ukumbi, hakuinua mkono mara ya pili. Alijikunja akapokea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kichwa. Nilimpigia kelele, "Mrudishie! Mrudishie, we mjinga!" Hakurudisha.

Kitinda akatupa stuli, akachomoa koleo mfuko wa nyuma. Akaliinamia gitaa, uso wake juu kabisa ya nyuzi, akauweka mdomo wa koleo kwenye ule uzi mnene. Ndiyo akili ya mpiga solo. Nyuzi zao ni nyembamba, wanazikata zikiwa zimekazwa, zinaruka kidogo na mtu anacheka. Mpiga besi hathubutu.

"Legeza kwanza!" Kaka alipiga kelele kutoka chini. "Kitinda, legeza kwanza!"

Kitinda alidhani analiombea gitaa. "Hata sasa?" alisema, machozi yanamtoka. "Hata sasa unalihurumia?" Akabana.

Sijui Kaka aliinukaje na mbavu zile. Alichoweza ni kuingiza kichwa chake kati ya uso wa Kitinda na nyuzi. Koleo liliuma, uzi ukaruka, na ukamwingia Kaka kwenye jicho la kushoto. Damu iliruka mpaka kwenye shati la Kitinda. Kaka hakulia. Alilishika jicho kwa viganja vyote viwili, akauliza, "Wewe imekupata? Kitinda, wewe haijakupata?"

Nilimpiga Kitinda. Nilimpiga kwa ngumi ya mtu anayebeba mapaja ya ng'ombe, mdomoni, akaanguka, nikamkalia kifuani nikaendelea, na kila ngumi nilimpa na neno lake. Nilimwambia ya msumari. Nilimwambia ya choo. Nilimwambia ya sufuria na sabuni na mvua, na kwamba ule mgongo wake unaotaka kupigiwa makofi ungekuwa umekatika vipande kama si huyu anayevuja damu pale. Kaka alikuwa anasema, "Dada, basi. Dada, nyamaza." Sikunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza vya kutosha.

Hospitali daktari alisema jicho halina la kufanyiwa. Kitinda alikaa kwenye korido akigonga kisogo chake ukutani, mpaka muuguzi akamwambia kama anataka kupasua kichwa aende kupasulia kwao, hapa wana kazi. Midomo yake ilikuwa imevimba kwa ngumi zangu. Sikumwonea huruma siku hiyo, wala siku ya pili yake.

Kaka alirudi nyumbani na bandeji usoni na kitambaa kilichombana mbavu. Hakutaka kulala. Alikaa mezani akazilegeza nyuzi tatu zilizobaki, moja baada ya nyingine, taratibu, mpaka zikalala juu ya shingo. Kisha akalibeba gitaa uani mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Akalilaza juu ya gogo la kupasulia kuni, akamwita Kitinda, aliyetufuata kutoka hospitali.

"Ulilolijia," alisema. "Malizia."

Kitinda alishika shoka, akalinyanyua, akalishusha chini bila kupiga. "Siwezi," akasema. "Lipeleke tu huko ukumbini, Kaka. Siwezi tena."

Basi Kaka akamnyang'anya shoka. Pigo la kwanza liliachanisha shingo. La pili lilipita pale palipolika rangi, na vipande vikaruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Alipiga bila kuvuta pumzi. Sumaku za kudakia sauti zilitoka na waya zake, zile waya alizozilehemu yeye mwenyewe, akazipondaponda. Gitaa likaisha, akaendelea kulipiga gogo. Bandeji ilianza kulowa. Nikasema, "Kaka, limekwisha," hakusikia. Kitinda alimkumbatia kwa nyuma, akapigwa kiwiko kwenye ule mdomo nilioupasua mimi, damu ikamtoka upya, hakumwachia. Wakaanguka wote wawili kwenye vibanzi, na shoka likabaki limekwama kwenye gogo.

Kaka alikuwa anahema. Jicho lake lililobaki lilikuwa linautazama mlango wa jikoni, na mtu yule mkubwa, mwenye mvi, alinong'ona kwa sauti ya mtoto aliyejificha asionwe na baba.

"Ameondoka?"

Kitinda alimshika kichwa, akamgeuza asiutazame mlango.

"Ameondoka, Kaka," alisema. "Ameondoka."